Make imemaliza, lakini imemaliza nini?

Watu wakisikia mtu anajenga kompaila (programu inayotafsiri msimbo kuwa programu ya kuendeshwa) au Python kutoka kwenye msimbo chanzo, hudhani anatafuta sifa, au anawinda kasi ambayo vifurushi vya kawaida vimemnyima. Wapo wa namna hiyo na sina ugomvi nao. Mimi nilisukumwa na shida. Kazini tulikuwa na seva ya pamoja yenye Linux ya CentOS 7, sikuwa na haki za root, yaani za msimamizi wa mashine, na msimamizi wake alikuwa muumini wa kutogusa kitu kinachofanya kazi. Kompaila ya mfumo huo ni GCC 4.8.5, ya mfululizo ulioanza 2013, na maktaba tuliyotakiwa kuitumia iliandikwa kwa C++17, ambayo kompaila hiyo haiijui. Python iliyokuja na mfumo ni 2.7. Zilikuwepo njia mbili: kuomba kwa barua pepe, au kufungua folda ndani ya home yangu na kuanza kujenga mwenyewe. Nilizifuata zote mbili. Majibu ya barua pepe bado nayasubiri.

Nilijiandaa kwa vita na makosa: ujenzi kukatika katikati, skrini kujaa malalamiko, usiku kuishia kwenye kutafuta herufi moja iliyopotea. Hayo yalikuja. Lakini nikiulizwa leo kilichonila muda zaidi, sitayataja hayo. Kosa linalosimamisha kazi linakupa jina la faili na namba ya mstari. Ukilisoma kwa utulivu, mara nyingi lenyewe linakuonyesha pa kwenda. Kilichonisumbua ni ujenzi uliofika mwisho salama, bila kelele, kumbe kuna kitu umekiacha njiani na haukuniambia. Au umeniambia kwa mstari mmoja uliozama ndani ya maelfu ya mistari mingine.

Nilianza na GCC, na ndiyo iliyonipa moyo. Inaogopwa kuliko inavyostahili. Msimbo ni mkubwa, machaguo ni mengi, na inategemea maktaba tatu za hesabu: GMP, MPFR na MPC. Lakini ndani ya folda ya contrib kuna skripti iitwayo download_prerequisites inayozipakua na kuzipanga mahali pake, na GCC ikizikuta hapo inazijenga pamoja na kompaila yenyewe. Nilichagua GCC 11. Kuanzia toleo hilo g++ hutumia C++17 bila kuambiwa, na bado linaweza kujengwa na GCC 4.8.5, kwa sababu linachodai kwa kompaila inayolijenga ni kuielewa C++11 tu. Waraka wa GCC unasisitiza ujenge nje ya folda ya msimbo, na hilo si pendekezo la adabu. Ukijengea ndani unatafuta matatizo. Configure inakagua mashine na kuandaa ujenzi, make inaujenga. Kwa hiyo:

mkdir jenzi && cd jenzi
../gcc-11.2.0/configure --prefix=$HOME/zana/gcc-11 --enable-languages=c,c++ --disable-multilib
make -j4
make install

Ukisahau --disable-multilib kwenye mashine isiyo na maktaba za biti 32, configure inasimama palepale, inakueleza inachoshuku, na inakutajia chaguo la kuongeza. Sijui tungetaka nini zaidi kwa programu.

Lakini kinachonifanya niiheshimu GCC ni jinsi inavyojishuku yenyewe. Kompaila ya zamani inajenga GCC mpya: hiyo ni hatua ya kwanza. Hiyo mpya inaujenga msimbo uleule upya: hatua ya pili. Iliyopatikana hatua ya pili inaujenga tena: hatua ya tatu. Kisha mafaili ya hatua ya pili na ya tatu yanalinganishwa, na yakitofautiana make inakataa kuendelea. Mantiki yake ni nzuri. Kompaila ya hatua ya kwanza na ya hatua ya pili zimetokana na msimbo mmoja, ila ya kwanza ilitafsiriwa na kompaila ya zamani na ya pili ikatafsiriwa na mwenzake mpya. Zikiwa sahihi zote, zikipewa kazi ileile zinapaswa kutoa kitu kilekile. Zisipotoa, kuna aliyetafsiri vibaya. Inachukua saa nyingi kwenye mashine ndogo, na wapo wanaoizima kwa --disable-bootstrap ili wamalize haraka. Kama kompaila inayojenga ni ya karibu na ile inayojengwa, sawa. Kuruka kutoka 4.8 hadi 11, mimi nisingeizima.

Ujenzi ukaisha, nikatafsiri programu ndogo ya C++17, ikapita bila onyo hata moja. Kuiendesha:

/lib64/libstdc++.so.6: version `GLIBCXX_3.4.29' not found

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu wanarudi kuichunguza kompaila ambayo haina kosa lolote. Programu imetafsiriwa na GCC 11 na imeunganishwa na libstdc++ (maktaba ya kawaida ya C++) ya GCC 11. Lakini wakati wa kuendeshwa, anayetafuta maktaba si kompaila, ni kipakiaji cha mfumo, na chenyewe hakijui kama kuna folda ya zana ndani ya home yangu. Kinakwenda /lib64 kama kilivyozoea na kukuta libstdc++ ya GCC 4.8.5, ambayo alama zake zinaishia GLIBCXX_3.4.19. Wakati wa kutafsiri na wakati wa kuendesha ni nyakati mbili tofauti zenye njia mbili tofauti za kutafuta, na hakuna anayekulazimisha uzioanishe.

Ushauri utakaoupata kila mahali ni kuweka LD_LIBRARY_PATH kwenye .bashrc. Siupendi. Kigezo hicho kinarithiwa na kila programu unayoianzisha kutoka kwenye terminali ile, zikiwemo za mfumo ambazo hazikuwa na shida, na siku moja git au ssh itaokota maktaba yako badala ya yake na utahangaika kutafuta chanzo. Bora uiandike njia ndani ya programu yenyewe kwa -Wl,-rpath,$HOME/zana/gcc-11/lib64, kisha uhakikishe kwa ldd, amri inayoorodhesha maktaba ambazo programu itazipakia, kwamba kila mstari unaelekea unakotaka. Siku hizi ldd naiendesha hata kwa programu inayofanya kazi vizuri, maana kufanya kazi hakuniambii imeegemea wapi.

Python nilidhani ingekuwa mteremko baada ya GCC. Kwa kweli ilijengwa haraka. Nikaisakinisha kwa make altinstall, ambayo inaacha jina la python3 kama lilivyo na kuweka python3.10 pembeni. Ikafunguka, ikajibu hesabu, ikasoma mafaili. Nikawaambia wenzangu iko tayari. Kesho yake mmoja akaja mezani kwangu.

"Kaka, hii Python yako imegoma kwenye pip."

"Imegoma inasemaje?"

"Inadai moduli ya ssl haipo."

Na kweli haikuwepo. Pip ndiyo inayopakua vifurushi vya Python, na ssl ndiyo moduli ya mawasiliano salama ya mtandao, inayotegemea maktaba ya OpenSSL. Kwa watengenezaji wa Python, ssl ni moduli ya hiari. Mfumo wa ujenzi ukikosa kinachohitajika, unairuka, unaandika aya fupi karibu na mwisho kwamba vipande vya kujengea moduli fulani fulani havikupatikana, kisha make inamaliza kwa mafanikio kamili. Ni kama fundi anayekukabidhi nyumba isiyo na dirisha moja kwa sababu mbao zilimwishia, na taarifa hiyo ameiandika kwa penseli nyuma ya mlango. Uamuzi wenyewe nauelewa, kwa sababu yupo anayejengea Python kwenye kifaa kidogo kisichogusa mtandao na hataki kulazimishwa OpenSSL. Ila kwa mtu wa kawaida, Python isiyo na ssl haiwezi kupakua hata kifurushi kimoja.

Sababu ilikuwa hii: kuanzia 3.10, Python inadai OpenSSL 1.1.1 au zaidi, na CentOS 7 ina 1.0.2k. OpenSSL ilikuwepo, mafaili yake ya vichwa yalikuwepo, isipokuwa ni ya zamani mno. Ikabidi kujenga OpenSSL pia. Nayo ina mfumo wake wa ujenzi, ulioandikwa kwa Perl, unaofanana na configure za wengine kwa sura tu.

Chaguo moja la OpenSSL linastahili kusimuliwa kwa urefu, kwa sababu linaonyesha jinsi ukimya unavyoweza kuwa na tabaka. Ukiijenga kwa --prefix peke yake, OpenSSL yako itatafuta vyeti vya mamlaka za kuaminika ndani ya folda yake yenyewe. Folda hiyo ni mpya, haina cheti hata kimoja. Python itajengwa, import ssl itapita, utafurahi, na urllib, moduli ya Python yenyewe ya kufungua anwani za mtandao, itakuja na CERTIFICATE_VERIFY_FAILED kwa kila anwani ya https utakayoigusa. Hapo watu wanaanza kuzima ukaguzi, yaani wanatatua tatizo la folda tupu kwa kuacha kabisa kuuliza wanaongea na nani. Dawa ni kuiambia OpenSSL, wakati wa kujenga, ivitumie vyeti vya mfumo:

./config --prefix=$HOME/zana/openssl-1.1.1 --openssldir=/etc/pki/tls

Sasa make install itagoma, kwa sababu itajaribu kuandika mafaili yake ya mipangilio ndani ya /etc/pki/tls na wewe huna ruhusa. Iko amri nyingine, make install_sw, inayosakinisha programu na maktaba tu bila kuigusa folda hiyo. Baada ya hapo Python inaambiwa --with-openssl pamoja na njia ile, na --with-openssl-rpath=auto ili wakati wa kuendeshwa isije ikarudi kwenye OpenSSL ya mfumo. Mambo yaleyale ya GCC, yamevaa nguo nyingine.

Baada ya ssl nikawa na jicho baya kwa moduli zote. _ctypes inataka libffi. _lzma inataka liblzma, inayotoka kwenye mradi wa xz wa kubana data. _sqlite3, _bz2, readline, kila moja na mwenyeji wake. Na mara nyingi maktaba yenyewe imo kwenye mashine, kilichokosekana ni mafaili ya vichwa, yale yanayoishia na .h. Mifumo ya Linux inayatenga hayo kwenye kifurushi kingine chenye jina linaloishia -devel kwa upande wa Red Hat na jamaa zake, au -dev kwa Debian. Mwenye root anaandika amri moja na kuendelea na maisha. Asiye na root anajenga libffi, anaelekeza PKG_CONFIG_PATH (kigezo kinachoonyesha maktaba zitafutwe wapi) kwenye folda ya pkgconfig iliyozaliwa humo, anaanza upya.

Kama kuna faili moja ningemfungulia kila anayeanza kazi hii, ni config.log. Configure inayozalishwa na Autoconf, zana iliyoanzishwa na David MacKenzie mwaka 1991, haina ujuzi wowote kuhusu mashine yako. Ikitaka kujua kama una ffi.h, inaandika programu ndogo ya C, inaiita conftest.c, inaikabidhi kwa kompaila, na kusikiliza. Ikipita, inaandika yes. Ikikataa, inaandika no na kuendelea na safari. Hiyo no fupi unayoiona kwenye skrini inaweza kuwa na maana nyingi: faili la vichwa halipo, lipo lakini liko kwenye folda ambayo kompaila haikuambiwa, lipo na linaonekana ila uunganishaji umeshindikana kwa sababu maktaba nyingine nyuma yake haipo. Skrini haitofautishi. Config.log imeandika yote: amri kamili iliyoendeshwa, jibu la kompaila neno kwa neno, na programu yenyewe iliyojaribiwa.

Nakumbuka mwenzetu mmoja ambaye configure ilimwambia mashine yake haina karibu chochote, hata vitu ambavyo hakuna Linux isiyokuwa navyo. Alikuwa ameshapanga kuomba mashine nyingine. Tukafungua config.log, tukashuka hadi no ya kwanza iliyotia shaka, na pale amri ilikuwa na -Werror. Alikuwa ameiweka kwenye CFLAGS ndani ya .bashrc yake kwa ajili ya mradi mwingine, ili kila onyo lihesabiwe kuwa kosa. Zile programu ndogo za majaribio zimeandikwa ovyo kwa makusudi, kwa hiyo kila moja ilikuwa inakufa kwa onyo lisilohusiana kabisa na kilichokuwa kinatafutwa. Configure ikasoma kila kifo kama "hakuna".

CMake, zana nyingine ya kuandaa ujenzi, ina tabia yake. Inakumbuka. Ilichokikuta mara ya kwanza inakiandika kwenye CMakeCache.txt, na ukishasakinisha kilichokosekana ukaiendesha tena, inaweza kukurudishia jibu la jana. Nikishuku hilo sibishani nayo, nafuta folda ya ujenzi nzima. Na neno lake la "Could NOT find" halimaanishi ujenzi umesimama, isipokuwa pale mwandishi wa mradi alipoweka REQUIRED.

LLVM, mradi mwingine wa kompaila, ndiyo iliyonionyesha kwamba jambo hili linaweza kupangwa vizuri. Chaguo lake la LLVM_ENABLE_ZLIB ukiliweka ON, maana yake ni "tafuta, ukikosa endelea". Ukiliweka FORCE_ON, maana yake ni "ukikosa, simama". Meson, zana nyingine ya ujenzi, nayo inakuruhusu kuwasha vipengele vyote vya hiari kwa -Dauto_features=enabled, na kisichopatikana kinaangusha ujenzi papo hapo. Ningekuwa na uwezo ningeifanya hiyo ndiyo hali ya kawaida ya kila mradi duniani, na anayetaka vitu virukwe ndiye aombe.

Kuhusu LLVM yenyewe sina mengi. Inakula RAM, hasa wakati wa kuunganisha, na kosa lake ni la kelele: unakuta kompaila au ld imeuawa kwa ishara 9, kwa sababu kiini cha Linux kiliishiwa kumbukumbu kikachagua wa kumtoa. Watu wanaandika make -j bila namba na kushangaa mashine imeganda. Jenga kwa Ninja badala ya make, weka LLVM_PARALLEL_LINK_JOBS=1, taja prosesa moja tu kwenye LLVM_TARGETS_TO_BUILD badala ya kujenga zote, na CMAKE_BUILD_TYPE iwe Release.

Make ya kale, kazi ya Stuart Feldman pale Bell Labs mwaka 1976, ina visa vyake na kila mtu anakijua kile cha alama ya Tab: nakili Makefile (faili la maagizo yake) kutoka mahali palipogeuza Tab kuwa nafasi za kawaida, upate "missing separator". Hicho ni cha kelele, tukiache. Cha kimya ni saa. Make haiangalii yaliyomo ndani ya faili, inaangalia faili limebadilishwa lini. Tulikuwa na diski ya mtandao ambayo saa ya seva yake ilikuwa mbele kidogo ya mashine zetu, na make ikawa inaandika kwamba huenda ujenzi haujakamilika, kisha inamaliza bila kosa. "Huenda" ilikuwa kweli: mafaili niliyoyabadilisha hayakuwa yanatafsiriwa upya, na nilikuwa najaribu programu ya zamani nikidhani ni mpya. Git, zana ya kutunza historia ya msimbo, nayo haihifadhi nyakati za mafaili, ndiyo maana ukichukua mradi wa Autotools (Autoconf na wenzake) moja kwa moja kutoka kwenye git, make inaweza kuamini configure ni ya zamani kuliko chanzo chake na kuanza kuitafuta aclocal, moja ya zana hizo, ya toleo ambalo huna.

Nimeitaja xz hapo juu kwa sababu ya moduli ya _lzma. Nilikuwa nimeijenga mwenyewe, toleo la mfululizo wa 5.4, na sikuifikiria tena hadi tarehe 29 Machi 2024. Siku hiyo Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz yana mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia mashine. Aliufikia kwa kukerwa na kitu kidogo: alipokuwa akipima kasi ya programu, kuingia kwa ssh kulikuwa kunachelewa takriban nusu sekunde na kula prosesa bila sababu.

Kwa mtu anayejenga kutoka kwenye chanzo, namna mlango huo ulivyofichwa inauma zaidi ya mlango wenyewe. Data yenye sumu ilikaa ndani ya mafaili ya majaribio, likiwemo moja la yale yaliyoharibiwa makusudi ili kupima kama xz inagundua uharibifu. Hayo yalikuwemo kwenye git, mtu yeyote angeyaona na asishangae. Lakini mstari wa kuyafungua na kuyapenyeza kwenye ujenzi uliwekwa kwenye build-to-host.m4, faili la Autotools ambalo, kwa sura ile iliyochakachuliwa, lilikuwemo ndani ya kifurushi cha tar kilichotolewa rasmi na halikuwemo kwenye git. Aliyesoma msimbo kwenye git alisoma msimbo safi. Aliyepakua kifurushi akaandika ./configure na make alikuwa anajenga kitu kingine. Na hata hapo skripti ilikuwa mchaguzi: iliangalia kama ni Linux ya x86-64, na kama kinachojengwa ni kifurushi cha Debian au cha RPM. Kwa hiyo anayejenga kwa mkono ndani ya home yake, kama mimi, angepita salama bila kujua kilichokuwa kikiendelea. Huo ndio ujenzi wa kimya kuliko wote niliowahi kuusikia, na uliandikwa na mtu aliyejua vizuri kwamba hakuna anayesoma mafaili ya m4. Mimi mwenyewe siwezi kusema nayasoma.

Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alishaeleza mwaka 1984 kwamba hata ukisoma msimbo wote bado hujamaliza: kompaila inaweza kuchezewa ili ipandikize mlango wa nyuma kwenye programu ya kuingilia, na ipandikize uchezewaji huohuo kila inapojijenga upya, huku msimbo wake unaousoma ukiwa hauna doa. Zile hatua tatu za GCC ninazozisifu hazigundui hilo. Zinagundua kutafsiri vibaya tu. Wapo wanaolifanyia kazi: mwaka 2023 mradi wa Guix, mfumo wa kusimamia vifurushi, ulifikia mahali ambapo mnyororo wake wa kujenga vifurushi unaanzia kwenye mbegu ya programu ya baiti 357, ndogo kiasi cha mtu kuisoma mwenyewe. Go ilikwenda kinyume chake. Kompaila yake ilikuwa ya C hadi toleo la 1.4, ikaandikwa kwa Go yenyewe kuanzia 1.5 mwaka 2015, na tangu hapo ukitaka kuijenga Go lazima uwe na Go. Silalamiki, ni lugha nzuri, ila ukifuatilia mnyororo huo kwa mkono ndipo utajua umepumzika juu ya mabega ya nani.

Kilichobadilika kwangu baada ya xz ni kidogo na cha kiutendaji. Kukagua sahihi kwa gpg naendelea nako, ingawa kwa xz kusingesaidia kitu, maana aliyetia sahihi ndiye aliyechakachua. Panapowezekana nachukua msimbo kutoka kwenye git kwa lebo ya toleo na kuzalisha configure mwenyewe kwa autoreconf -fi. Nikilazimika kutumia kifurushi cha tar, nakilinganisha na git kwa diff -r. Tofauti zitakuwepo na nyingi ni halali, lakini angalau nimeziona.

CentOS 7 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 30 Juni 2024, na hata msimamizi wetu akakubali yaishe. Seva mpya ni ya jamii ya Red Hat 9: GCC 11 imo ndani ya /usr/bin tangu siku ya kwanza, OpenSSL ni ya mfululizo wa 3. Kwa kuwa kila zana ilikuwa kwenye folda yake yenye jina na toleo, kuiondoa ilikuwa rm -rf ya folda moja, bila kuombea mradi uwe na make uninstall inayofanya kazi, maana mingi haina. Nilifuta karibu zote. Nilichohamisha ni skripti fupi iliyokuwa ndani ya kila folda, yenye amri kamili ya configure niliyoitumia, na nakala ya config.log pembeni yake.

Python bado naijenga, safari hii kwa --with-pydebug, kwa ajili ya kufuatilia viendelezi vya C tunavyoandika wenyewe, kazi ambayo Python ya kawaida ya kifurushi haikujengewa. Skripti yake sasa inamalizika kwa mstari huu, na mstari huu ukishindwa, folda nzima inafutwa kabla mtu mwingine hajaiona:

python3.12 -c "import ssl, ctypes, sqlite3, lzma, bz2, zlib, readline"